Dada Yako Alisikia Macho Yake Yakigeuka

Nyumbani, chumba cha nyuma ya duka la kinyozi,
Jumapili, tarehe tisa, mwezi wa tatu.

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu zetu kabla ya mengine yote. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti lako, lile linalokusumbua ukipanda ngazi za kazini, limeanza kukuhurumia. Mwanyumba wangu, bwana yako, hajambo? Na mtoto ameizoea shule ya huko, au bado anawajibu walimu kwa Kiswahili? Kama bado, mwache. Hata walimu hujifunza.

Sisi hatujambo. Mama hajambo, ila meno yanazidi kumuaga. Mwanetu yuko bwenini, anaandika tu akiishiwa sabuni. Duka linakwenda. Watu bado wanaota nywele, nami bado nazikata.

Sasa nije kwa lililonifanya nishike kalamu. Nilikusudia kukueleza kwa simu, lakini kila tukianza wewe unalia, na mtu anayelia hasikii. Dada yako ndiye aliyesema, "Mwandikie. Kwenye karatasi hawezi kukukatiza." Kwa hiyo kaa chini, nikueleze tangu mwanzo mpaka tulipofika.

Najua Mjomba alikupigia siku ile akakwambia dada yako amerukwa na akili na kwamba atapasuliwa kichwa. La kwanza si kweli. La pili ni kweli kwa kiasi: alipasuliwa nyuma ya sikio la kushoto, na aliyempasua alijua anachotafuta. Mjomba mwenyewe nitamrudia, maana ana sehemu yake katika habari hii, na ameniruhusu niiandike.

Ilianza mwaka juzi, kwa chafya. Dada yako alikuwa anafuta ubao, vumbi la chaki likampanda puani, akapiga chafya. Anasema sakafu iliinuka upande mmoja kama meza iliyovunjika mguu. Akashika dawati la mbele, hali ile ikapita, akaendelea na hesabu za sehemu. Hakumwambia mtu. Unamjua, hata uchungu wa kujifungua alinieleza kwamba ni tumbo tu linamsokota.

Baada ya chafya ikaja kengele. Kengele ya shule yao imening'inizwa nje ya mlango wa darasa lake, na kila ilipogongwa ukuta mmoja ulipanda na mwingine ukashuka. Akajifunza kuegemea ubao kabla ya saa ya mapumziko. Lakini mgongaji kengele ni binadamu, kuna siku huwahi na kuna siku huchelewa. Siku aliyowahi, dada yako alipepesuka mbele ya darasa zima mpaka akaangukia ndoo ya maji ya kufutia ubao. Wanafunzi walicheka. Walipofika nyumbani wakasimulia. Na mtu mzima akipepesuka asubuhi, watu hawana maelezo mengi ya kuchagua.

Mimi nilizipata habari hizo nikiwa kazini. Mteja mmoja, mgeni wa mtaa, sabuni imemjaa kidevuni, alinisimulia kuhusu mwalimu mwanamke anayekunywa alfajiri na kulewa kengele ikilia. Alisema shule hiyo imekwisha. Hakujua nyumba ya mwalimu huyo ni hiihii, na kwamba ukuta aliouegemezea kiti ndio unaotenganisha duka na jikoni kwake. Nilimaliza kidevu. Sikumkata. Nikafunga duka, nikaingia ndani.

Nilimuuliza dada yako bila kuzunguka. Alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nasikia macho yangu."

Nikamuuliza, "Macho yanasikikaje?"

"Nikitazama kulia yanakwaruza. Nikitazama kushoto yanakwaruza. Kama mtu anayepiga msasa ubao. Nikitembea, kisigino kinagonga humu ndani ya kichwa. Nikitafuna, sisikii mtu mwingine akisema. Na sauti yangu mwenyewe inavuma kama naongea ndani ya tangi tupu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa ameanza kunong'ona. Shemeji, mimi nilidhani ni adabu ya uzee inamwingia. Nilielewa pia kwa nini alikuwa anakula peke yake, baada yetu, akisingizia kwamba hana njaa.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Mteja wako akikwambia anasikia macho yake, utafanya nini?"

"Nitamnyoa haraka," nikasema.

Alicheka, halafu akashika kichwa kwa mikono miwili, maana kicheko nacho kilimvumia. Ndipo nilipoweka sikio langu juu ya sikio lake la kushoto, nikamwambia ageuze macho. Nilisikiliza. Sikusikia kitu. Nikamwambia, "Mimi sisikii, lakini wewe unasikia, na tuanzie hapo." Sikuwa na la zaidi. Mimi ni kinyozi. Masikio nayajua kwa nje tu.

Tukaanza kuzunguka kwa waganga wa hospitali. Kwenye zahanati walimpima shinikizo la damu, wakampa vidonge. Shinikizo likashuka, kizunguzungu kikabaki. Mahali pengine walimwosha sikio kwa bomba la maji ya uvuguvugu. Nta ilitoka, kubwa, hata mimi nilishangaa, lakini kizunguzungu kikabaki palepale. Mwingine alimwambia apunguze mawazo. Dada yako alimuuliza ayapeleke wapi, yule bwana akaita mgonjwa anayefuata.

Wakati huo Mama alikuwa ameshamweleza Mjomba. Simlaumu Mama, Mjomba ni kaka yake, na baada ya baba yenu kufariki ni yeye aliyewalea kwa mshahara wa kiwanda cha mbao. Alikuja Jumamosi, amevaa koti, nikajua ni kikao. Alikaa kwenye kiti changu cha dukani kwa kuwa ndicho kirefu kuliko vyote, akatuita mmoja mmoja kwa majina ya ukoo kana kwamba hatujuani.

Alisema, kwa sauti yake ile inayosikika mpaka barabarani, kwamba mtu anayesikia visivyosikika ana ugonjwa mmoja tu, na una hospitali yake. Alisema amekwisha kuzungumza na Mwalimu Mkuu. Dada yako angepumzika muhula mzima, na kama mpaka muhula unaofuata hapatakuwa na maelezo ya daktari, bodi ya shule ingemstaafisha kwa maradhi, kwa heshima, kabla wazazi hawajaandamana.

Dada yako akasema, "Mjomba, mimi sina wazimu."

"Hakuna aliyenao anayekubali," Mjomba akajibu. "Sikio halipiti kichwa. Nimesema."

Nilitaka kumwambia kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za kwake zimekuwa chache. Lakini Mjomba wa mke ni mjomba wa mke. Na kusema kweli, sikuwa na ushahidi wa kumbishia.

Basi tukaenda kwa daktari wa akili. Dada yako alivaa gauni lake la mahafali, eti akionekana nadhifu atasikilizwa.  Mlangoni alisimama, nikadhani atageuka arudi, lakini alikuwa anangoja mlio wa pikipiki upite ili asianguke.

Daktari huyo alikuwa kijana mnene mwenye tai fupi. Alimwacha aeleze mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Kisha akamuuliza, "Sauti hizo zinasema maneno?"

"Hapana. Zinakwaruza tu."

"Zinakuamrisha chochote?"

"Haziongei, Daktari."

"Zinakuja lini?"

"Nikigeuza macho. Nikiyatuliza, zinatulia."

Yule kijana akaacha kuandika. Akamwambia ageuze macho, akamtazama, akamwambia tena. Halafu akafunga faili. "Mama," akasema, "sauti za wagonjwa wangu hazingoji mtu ageuze macho. Wewe umekosea mlango. Nenda kwa daktari wa masikio wa hospitali kuu, yule anayeshughulikia kizunguzungu. Mwambie haya uliyoniambia, na usiache la macho."

Kwa hiyo ukimlaumu Mjomba, kumbuka na hili: bila kikao chake tusingefika kwa kijana huyo, na bila kijana huyo tungekuwa bado tunaosha nta.

Daktari wa masikio ni mama mmoja mwembamba, anaongea polepole, anakutazama mdomoni unapojibu. Chumba chake hakina mapambo, kuna kitanda, kiti kinachozunguka, na kibanda kidogo chenye kuta nene za sponji ambamo mtu anafungiwa na vitu vya masikioni ili asikilize milio midogo na kubonyeza kitufe. Dada yako alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, daktari alitazama mistari kwenye karatasi, akasema jambo lililonichanganya: kwamba milio mizito inayopita hewani sikio la kushoto linaisikia vibaya, lakini milio inayopitishwa kwenye mfupa linaisikia vizuri kuliko sikio la mtu mzima wa afya.

Akafungua droo akatoa chuma chenye meno mawili kama uma wa mezani, kile kinacholia ukikigonga. Nilitegemea akiweke karibu na sikio. Akapiga magoti, akamwambia dada yako avue kiatu, akakigonga kwenye kiganja, akakisimamisha juu ya kifundo cha mguu.

"Unasikia kitu?"

Dada yako alikaa wima. "Nasikia."

"Wapi?"

"Humu," akagusa sikio la kushoto. "Unaligongaje sikio kupitia mguuni?"

Daktari akanigeukia, akakiweka kwenye kifundo changu. Nilihisi mtetemo, sauti sikusikia. Nilimwona dada yako anaanza kulia pale kwenye kiti, kimyakimya, kiatu mkononi. Daktari hakumbembeleza. Alimpa karatasi laini, akangoja, kisha akamvisha miwani mikubwa myeusi yenye kamera ndani, tukawa tunayaona macho yake kwenye skrini, makubwa kama sahani. Akapiga mlio mzito kwenye sikio la kushoto. Shemeji, niliyaona macho ya mke wangu yakipanda na kujipinda yenyewe, bila yeye kuyaamuru, kama mtu anayavuta kwa uzi. Mlio ulipokatika, yakarudi.

"Hiyo ndiyo kengele yako," daktari akamwambia.

Picha ya ndani ya kichwa, aliyopigwa kwa mashine, ilipotoka, akaibandika ukutani akatueleza. Nitajaribu kukueleza nilivyoelewa. Ndani kabisa ya sikio, karibu na sehemu ya kusikia, mna mifereji mitatu midogo iliyopinda kama bangili nusu, imejaa maji. Kazi yake ni kuuambia ubongo kichwa kimegeukia wapi. Yote imefungwa ndani ya mfupa mgumu. Mfereji wa juu wa dada yako, upande wa kushoto, mfupa wa paa lake umetoboka. Tundu lenyewe ni dogo, hata punje ya mtama haipiti. Huenda mfupa ulikuwa mwembamba tangu kuzaliwa, na chafya ikamalizia. Basi kelele ikiingia, badala ya kwenda kwenye kusikia peke yake, inayatikisa na maji ya mfereji, na ubongo unadhani kichwa kimezunguka. Na sauti za mwilini, za nyayo, taya, moyo, hata misuli inayogeuza macho, zinaingia kwa tundu hilohilo kama kwenye nyumba iliyoachwa dirisha wazi.

"Kwa hiyo macho yangu yanakwaruza kweli," dada yako akasema.

"Ya kila mtu yanakwaruza," daktari akasema. "Wewe tu ndiye unayeyasikia."

Tulirudi nyumbani na bahasha ya picha. Nilidhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo ilikuwa inaanza. Daktari alikuwa ametupa njia mbili. Ya kwanza, aishi nayo: aepuke kelele, asinyanyue vizito, asikemee, asipige chafya kwa nguvu kama anaweza. Barua ya daktari ingemtosha kustaafu kwa heshima. Ya pili, upasuaji: kupita kwenye mfupa wa nyuma ya sikio na kuuziba ule mfereji kwa unga wa mfupa wake mwenyewe. Hakutuficha hatari zake. Anaweza kupoteza usikivu wa sikio hilo, kidogo au wote. Mshipa wa uso unapita jirani. Na mwanzoni kizunguzungu kitazidi, mpaka ubongo ujifunze kutembea bila mfereji mmoja.

Mama hakutaka kusikia. Alisema alizaa mtoto mwenye masikio mawili na atazikwa akimwacha nayo mawili. Mjomba akaja tena na koti lake. Alipoonyeshwa picha aliishika juu chini. Akasema kichwa si redio, hakifunguliwi kila kikikoroma, na kwamba sikio la kufa halisikii dawa.

Dada yako akamjibu akiwa amesimama, ameshika mgongo wa kiti. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumsikia akitoa sauti yake ya darasani, na niliona ilivyokuwa ikimtikisa.

"Mjomba, nimefundisha tangu nina miaka ishirini na miwili. Nikikaa ndani nikinong'ona mpaka nife, sikio litakuwa zima na mimi nitakuwa nimekwisha. Ni heri nisikie nusu, nisimame."

Mjomba akavaa kofia, akatoka. Hapo ndipo alipokupigia simu wewe.

Asubuhi ya upasuaji, muuguzi alikuja na mashine ya kunyolea ili asafishe nyuma ya sikio. Nikamwambia, "Dada, mimi ni kinyozi, na huyu ni mke wangu." Alinipima kwa macho, akanipa nafasi. "Haya, baba. Lakini usimtengenezee mtindo."

Nilikuwa nimekuja na wembe wangu. Mashine ingemletea kizunguzungu. Nilinyoa sehemu ya upana wa kiganja, nyuma ya sikio mpaka kwenye shingo. Nimenyoa vichwa vya wafu na vya watoto wa wiki, na siku ile sikumkata hata kidogo. Ila nilipomaliza, nilipangusa wembe, nikapangusa tena, mpaka muuguzi akaniambia nimekwisha kuupangusa.

Walimchukua. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini na Mama, ambaye alikuwa amekataa kuja na bado akafika kabla yangu. Alikuwa amebeba chupa ya chai ambayo hakuna aliyeinywa. Daktari alitoka na barakoa imening'inia shingoni, akasema mfereji umezibwa na uso haukuguswa. Kuhusu usikivu, tungoje.

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya, sitakupambia maneno. Alitapika kila alipogeuza shingo. Kitanda, anasema, kilikuwa kinazunguka kama gurudumu. Upande wa kushoto hakusikia kitu, kama umejazwa pamba. Mama alinitazama kwa jicho la kusema 'nilikuambia'. Kisha, asubuhi moja, dada yako alimwomba kipande cha mkate mkavu. Akakitafuna polepole, huku Mama akilalamika kuhusu mashuka na mto wa hospitali. Alipomeza akasema, "Mama, rudia ulichosema kuhusu mto."

"Ulikuwa husikilizi?"

"Nilikuwa nasikiliza huku natafuna," dada yako akasema. "Nimesikia yote. Rudia tu."

Mama alirudia. Baadaye nilimkuta ukumbini anakunywa ile chai yake, baridi, vikombe viwili mfululizo.

Nyumbani alipewa mazoezi. Tulibandika herufi moja kubwa ukutani, naye anaikazia macho huku anatikisa kichwa kulia na kushoto, kama anaikatalia. Alitembea kwenye ukumbi mguu mbele ya mguu, kisigino kikigusa vidole, nami nyuma yake mikono imenyooshwa kama nafukuza kuku. Alianguka mara kadhaa. Aliacha kuanguka. Usikivu ulirudi, lakini haukurudi wote: milio ya juu, kama filimbi na ndege na mwisho wa maneno, upande wa kushoto imekwenda. Daktari alimwambia waziwazi kwamba hiyo haitarudi. Dada yako akasema ndege atawasikia kwa sikio la kulia.

Barua ya daktari ilipelekwa kwa Mwalimu Mkuu pamoja na picha. Alikuja nyumbani mwenyewe, akakaa kwenye ncha ya kiti, akasema bodi imesikitika. Dada yako alimuuliza bodi imesikitika kwa sababu gani hasa. Mwalimu Mkuu akasifu chai. Muhula ulipofunguliwa alirudi darasani kwake. Anasema kwa sauti yake ya kawaida, na nyumbani pia, hata nyakati ambazo mimi ningependelea anong'one.

Sasa Mjomba. Wakati wote huo hakukanyaga kwetu. Kisha wiki mbili zilizopita aliingia dukani mchana, wakati hakuna mteja, akakaa kwenye kiti. Nikamfunga kitambaa shingoni. Hakuwa na nywele za kukata, nawe unajua. Nikaanza kumnyoa ndevu. Alikuwa anajitazama kwenye kioo.

"Huyo daktari wa masikio," akasema, "anawafukuza watu wazee?"

"Hapana, Mjomba."

Akainua kidevu niendelee. Kisha akasema, "Mimi kuna birika inachemka kichwani. Inapiga mluzi. Tangu mwaka ule nilioacha kiwanda. Haijawahi kunyamaza."

Nilisimamisha wembe. Nilimuuliza alimwambia nani.

"Ningemwambia nani? Mtu anayesikia visivyosikika ana hospitali yake." Alisema hivyo bila kucheka, akafumba macho nimalizie.

Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua. Mjomba alibahatika, kwake mpwa wake alikitangulia kifo. Nilimwita dada yako kutoka jikoni. Nilidhani atamkumbusha mambo. Alimsikiliza, akafuta mikono, akasema, "Alhamisi sina vipindi. Vaa viatu vyepesi."

Nilikwenda nao. Mjomba alikaa katika kile kibanda cha sponji na kofia yake mapajani. Daktari alimweleza kwamba msumeno wa kiwandani uliua usikivu wake kwa miaka, hasa sikio la kushoto lililokaa upande wa mashine, na kwamba mluzi ule ni ubongo unaojaribu kujaza nafasi iliyoachwa. Haukatiki kwa dawa. Alimjaribisha kifaa cha kusaidia kusikia, na akamwambia kwamba sauti za nje zikiingia, mluzi hurudi nyuma. Watu wengi wanao, akamwambia.

"Wengi?" Mjomba akauliza.

"Leo asubuhi peke yake, wewe ni wa nne."

Alivaa kofia, akatoka. Kifaa chake kitakuwa tayari mwisho wa mwezi. Nilibaki nyuma kuchukua karatasi, wao wakatangulia barabarani, na niliwaona kwa mbali kidogo. Mjomba alisema neno, dada yako hakulisikia, kwa kuwa Mjomba alikuwa upande wake wa kushoto. Akahamia upande wa pili ili amweke kulia kwake. Sasa yeye akajibu, na Mjomba hakusikia, maana sikio lake bovu ndilo lililoelekea kwake. Mjomba naye akazunguka. Wakarudia. Wapita njia wakawa wanawakwepa. Mwishowe wakagundua kwamba hakuna upande utakaowafaa wote wawili wakiwa wanatembea, wakasimama katikati ya njia, uso kwa uso, naye Mjomba akavua kofia na kulisema tena lile neno lake. Sikulisikia, wala sikusogea karibu. Nilimwona dada yako akiitikia kwa kichwa, polepole, na kichwa hakikumzungusha.

Jioni hiyo Mjomba aliniambia, "Yule wa mbali nilimpa habari mbovu. Mwandikie zilizo nzima, na hii yangu usiifiche." Nimemtii.

Mama anakusalimu na anauliza kama huko kuna daktari wa meno mwenye huruma. Mjomba anakusalimu. Mwanetu angekusalimu kama angejua naandika. Majirani wa mkono wa kulia, mshonaji na mkewe, wanasema usiwasahau. Mpe bwana yako mkono wangu, na umbusu mtoto katika paji la uso.

Mungu akulinde uendako na utokako, akupe afya na usingizi, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana. Ukija, usiseme na dada yako ukiwa nyuma yake. Njoo mbele, simama, mtazame, useme. Atakusikia.

Ndimi shemeji yako akupendaye kwa dhati,

Kinyozi.